Siku Kabati, Sanduku na Mkoba Vilipofungwa

Kabla watu hawajaanza kumwita Shangwe, alikuwa muuza magodoro. Alisimama mlangoni mwa duka la mwajiri wake, shati limejaa vumbi la sponji, akiwaita wapita njia kwa sauti isiyohitaji kipaza. Mtu wa ng'ambo ya barabara, akili yake iko kwenye shida zake, alijikuta amekwisha vuka na anabonyeza godoro kwa kiganja, hajui miguu ilimfikishaje pale.

Siku mwenye duka alipomwoza binti yake, mshereheshaji waliyekuwa wamemwalika aliamka na homa, sauti imekauka, anaongea kama mlango usiotiwa mafuta. Mwenye duka akamshika muuza magodoro wake begani. "Leo huuzi godoro," akamwambia. "Leo unauza harusi."

Akaiuza. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, mama wa bibi harusi akalia pale pale alipotakiwa kulia, na wageni walipokuwa wakitoka kila mmoja aliuliza yule kijana wa shangwe ni nani. Jina likamganda. Magodoro akawaachia wengine.

Miaka ya mwanzo alibeba kila kitu kichwani: majina ya wazazi, nani anakata keki, mjomba gani asipewe nafasi ya kuongea baada ya kunywa. Kichwa kilibeba, kikabeba, mwisho kikaelemewa. Jumamosi moja alimkaribisha bibi harusi ukumbini kwa mbwembwe zote, akamtaja kwa jina la bibi harusi wa Jumamosi iliyopita. Kwa bahati mbaya hilo lilikuwa pia jina la msichana aliyewahi kuchumbiwa na bwana harusi yule yule. Kijiko kilianguka mahali fulani na kila mtu akakisikia. Mpaka leo Shangwe akimwona mtu wa familia ile huvuka barabara.

Ndipo binti yake anayesoma chuo, mmoja wa pacha wake, akamwekea programu ya simu iitwayo Kabati. "Baba, huna haja ya kukumbuka. Andika humu. Simu ikipotea, unanunua nyingine, unafungua, kila kitu kipo." Shangwe akaandika. Ratiba, majina, matamshi ya majina, hata utani wake akaupanga kwa mafungu: utani wa wakwe, utani wa wanene, utani wa watu wasiopenda utani. Kichwa chake kikawa chepesi. Na kwa kuwa aliwahi kuumwa na nyoka, kama yeye mwenyewe alivyopenda kusema juu ya ile Jumamosi, hakuridhika na sehemu moja. Akaongeza programu ya pili, Sanduku, na ya tatu, Mkoba. Kila ratiba aliiweka kotekote.

"Mwizi akibeba kabati," alimweleza mkewe, "sanduku lipo. Sanduku likiungua, mkoba upo."

Mkewe, Mama Pacha, alikuwa muuguzi wa wodi ya watoto, na maisha yake yote ya kazi alikuwa akiuliza maswali mpaka jibu lipatikane. "Na hivyo vitu vyenyewe viko wapi?"

"Winguni."

"Winguni kwa nani?"

"Kwa wenyewe."

"Wenyewe ni akina nani?"

Shangwe akasema chai inapoa.

Basi ikafika Jumamosi ya harusi ya daktari wa meno. Bibi harusi ndiye aliyekuwa daktari, mwanamke mrefu, makini, anayekutazama mdomoni unapoongea. Bwana harusi alifanya kazi ya kompyuta katika benki. Shangwe alikuwa amekutana nao mara moja tu, zamani kidogo, akiwa na harusi nyingine kadhaa mkononi. Aliandika kila kitu, akafunga simu, akawasahau kabisa. Huo ndio uliokuwa uzuri wa Kabati, kukupa ruhusa ya kusahau.

Jengo lilikuwa la kisasa, lenye kumbi mbili, mmoja juu na mmoja chini. Milango ilifunguka kwa simu. Taa, kiyoyozi na vipaza sauti vyote viliendeshwa kwa tableti moja aliyotembea nayo meneja, mwanamke mrefu aliyevaa viatu virefu zaidi. Shangwe alifika mchana, suti yake ya rangi ya maziwa imenyooka, akachagua kiti pembeni ili apitie majina. Akafungua Kabati.

Kiduara kikazunguka. Kikazunguka. Kisha maandishi: "Samahani, kuna hitilafu. Jaribu tena baadaye."

Hakushtuka. Akafungua Sanduku. "Pole sana! Tunalishughulikia." Akafungua Mkoba. Humo palikuwa na katuni ya mtu ameshika spana, anatabasamu: "Tutarudi punde."

Shangwe aliitazama ile katuni kama mtu anavyomtazama fundi aliyekula hela akahama. Akadhani kifurushi cha intaneti kimeisha, kipo. Akazima simu, akaiwasha. Akaenda dirishani, akanyoosha mkono nje. Akapanda juu ya kiti, na viatu vyake vya kung'aa, simu ameiinua kama anayetaka kubadilisha balbu. Wahudumu waliokuwa wakipanga glasi wakaacha kupanga wakamtazama.

"Mzee, unatafuta nini huko juu?" mmoja akauliza.

"Jina la bibi harusi," Shangwe akasema kabla hajajizuia.

Akashuka amtafute meneja, akamkuta naye ana balaa lake. Tableti yake ilikuwa na kiduara kile kile. Kibaya zaidi, ilikuwa imekwama pale alipokuwa akijaribu mitambo. Taa za ukumbi wa chini, ule wa harusi ya daktari wa meno, zilikuwa zimebaki kwenye mpango wa dansi, zambarau, zinazimika na kuwaka. Kiyoyozi kilikuwa kinatoa baridi ya kuhifadhia nyama.

"Zima tu ukutani," Shangwe akamshauri.

"Ukutani hakuna swichi, mzee. Waliziondoa. Walisema zinaharibu sura ya ukuta."

"Na vipaza sauti?"

Meneja akainua macho kutoka kwenye tableti. Alimtazama tu, na uso wake ukawa zambarau, ukawa mweusi, ukawa zambarau.

Nje mlangoni hali ilikuwa nyingine. Kila kadi ya mwaliko ilikuwa na ile miraba myeusi ya kusomwa na mashine, na mashine ya mlinzi haikusoma. Foleni ilianza kurefuka juani, akina mama wamevaa vizuri, jasho limeanza kuchezea poda. Mlinzi alivumilia kadiri alivyoweza, kisha akaamua kutumia akili yake. Aliyevaa vizuri akampitisha. Wale wa ukumbi wa juu, kulikokuwa na harusi nyingine, walipoona ngazi ni ndefu na chini mlango uko wazi, na ndani kunatoka baridi tamu, wakaingia chini. Shangwe hakulijua hilo. Aliona tu ukumbi unajaa, akamshukuru Mungu kwamba angalau watu wapo.

Fundi wa muziki akamjia mbio. "Mzee, sina wimbo hata mmoja. Nyimbo zangu zote zinapigwa kutoka kwenye mtandao."

"Huna hata mmoja ndani ya mashine?"

"Ninao mlio wa kengele ya kuamkia."

Maharusi walikuwa wamekwisha fika mlangoni. Shangwe alivuta pumzi, akapanda jukwaani bila kipaza, akaitoa ile sauti yake ya magodoro. Ukumbi mzima ukageuka. "Mabibi na mabwana! Leo hatuingizi maharusi kwa santuri, tunawaingiza kwa vifua vyetu! Akina shangazi, niimbieni!"

Akina shangazi hawakusubiri kuombwa mara ya pili. Upande wa kulia wakaanza wimbo mmoja, upande wa kushoto wakaanza mwingine. Kila upande ukadhani mwenzake amekosea, kwa hiyo ukaongeza sauti kumrekebisha. Katikati ya vita hivyo maharusi walitembea kwa hatua za wimbo wa kulia, wakajikuta kwenye wa kushoto, bwana harusi akakanyaga gauni. Taa zikazimika. Zilipowaka walikuwa wamekwisha keti, na bibi harusi alikuwa amevaa koti la mhudumu mabegani kwa ajili ya baridi.

Sasa ilibidi awatambulishe.

"Ndugu zangu," alisema Shangwe, "mtazameni huyu bibi harusi wetu! Ua letu! Waridi letu! Asumini yetu!" Akaendelea na maua mpaka maua yakamwishia, akaingia kwenye vito, akataja lulu, akataja almasi. Bibi harusi alianza kumtazama mdomoni kwa namna ya kitaalamu. Shangwe akaona hapa pana hatari. Akashuka, akainama sikioni mwa bwana harusi kama anayempa siri, akanong'ona, "Bwana, bibi harusi jina lake anaitwa nani vile?"

Asilolijua ni kwamba bwana harusi alikuwa na kidude cha simu kwenye sikio la pili, na bosi wake wa benki alikuwa akimfokea humo tangu asubuhi. Huduma za benki zilikuwa zimekufa, wateja wanapiga kelele, na bosi alitaka kujua tatizo ni nini. Bwana harusi akajibu kwa mkazo, macho yake mbele, "Ni seva! Nimekwisha kuambia, ni seva!"

"Ahsante, bwana," akasema Shangwe. Akapanda jukwaani amepona kabisa. "Basi simameni, tumpokee kwa makofi, malkia wa leo, Bi Seva!"

Wageni wakapiga makofi. Wale wa ukumbi wa juu walipiga kwa moyo wote kwa sababu hawakuwa na habari. Wale wa chini walipiga kwa adabu, wakitazamana. Mama wa bibi harusi alimgeukia mumewe akamuuliza kama kuna jambo ambalo familia haikuambiwa.

Bibi harusi alimwashiria Shangwe kwa kidole kimoja. Akaja.

"Mimi si Seva," alisema. Akamtajia jina lake, polepole, silabi kwa silabi, kama mtu anavyomweleza mgonjwa namna ya kusukutua. Kisha akamgeukia mumewe. "Na wewe toa hicho kidude sikioni, au nitakitoa kwa koleo. Ninazo kwenye gari."

Bwana harusi akakitoa, akakishika mkononi kikiendelea kulia kama mbu. "Samahani, mzee," akamwambia Shangwe. "Kuna kampuni moja kubwa ya kukodisha seva, zile mashine za kutunzia vitu vya watu. Imeanguka. Ikianguka yenyewe, vinaanguka vyote vilivyomo."

"Mimi sina kitu kwenye kampuni hiyo," alisema Shangwe. "Mimi nina Kabati. Na ili kujihami nikaweka Sanduku, nikaweka na Mkoba. Kampuni tatu tofauti. Moja ya bluu, moja ya kijani, moja ya njano."

Bwana harusi alimtazama kwa huruma ya mtu aliyewahi kutoa habari mbaya nyingi. "Rangi ndizo tofauti, mzee. Zote tatu zimepanga chumba kimoja. Kabati limo humo, Sanduku limo humo, Mkoba umetundikwa ukutani humo humo. Na mwenye nyumba ameondoka na ufunguo."

"Na taa hizi?"

"Humo humo."

"Na mlango? Na muziki?"

"Humo humo. Na benki yetu pia. Bosi anataka nitengeneze, nami namwambia mashine si zetu. Sisi ni wapangaji tu. Hakuna cha kutengeneza. Ni kukaa na kusubiri."

Shangwe akahesabu kwa vidole: bluu, kijani, njano. Alikumbuka jinsi alivyojisifu mbele ya mkewe juu ya mwizi na moto. Siku zote hizo alikuwa amefunga mlango kwa kufuli tatu, na kufuli zote zinafunguliwa na mtu mmoja asiyemjua, aliye mbali asikokujua, ambaye naye hajui kama kuna mtu duniani anaitwa Shangwe.

Lakini watu walikuwa wamekaa, wanatetemeka, wanamsubiri. Akarudi jukwaani. Ratiba zote za harusi alizowahi kuziona huwa na neno la baba, kwa hiyo akaanzia huko. "Sasa namwomba baba wa bwana harusi asimame, atupe neno."

Wakasimama wawili.

Mmoja alikuwa mbele, mwembamba, ameshika mkongojo. Mwingine alikuwa kushoto, mnene, mwenye suti ya kijivu. Walitazamana. Yule mwembamba alikuwa mpole, akadhani labda huyu ni mzee wa upande wa pili mwenye haki asiyoifahamu, akaketi. Yule mnene akakohoa, akaanza.

Aliongea vizuri. Alisema amefurahi kupata mkwe mwalimu, kwa sababu nyumba yenye mwalimu haikosi nidhamu. Daktari wa meno akamtazama mumewe. Alisema wengine walinong'ona kwamba binti ni mfupi, lakini yeye aliwajibu kwamba hata kitabu kizuri hakipimwi kwa urefu. Bibi harusi, ambaye akisimama alimpita mumewe kwa kichwa, akajikunja kidogo kwenye kiti ili kusaidia. Mwishowe mzee akageuka kumbariki mwanawe. Taa zikawaka. Akamtazama bwana harusi. Zikazimika. Zikawaka. Akamtazama tena.

"Huyu si mwanangu," alisema.

Kisha kicheko kikaanzia meza za nyuma, kikaja mbele kama maji ya bomba lililopasuka, na hata yule mzee mnene akalazimika kuketi, machozi yanamtoka. Ikabainika kwamba ukumbi wa juu bwana harusi na bibi harusi walikuwa wamekaa na wazazi wa kike tu na mpiga picha, wanasubiri wageni, na wanaamini kwamba jamii imewasusia.

"Basi," alisema Shangwe, "wa juu wainuke, wa chini wabaki."

Hakuna aliyeinuka, na hakuna aliyekubali kwamba yeye ni wa chini. Mama mmoja mwenye kilemba alisema hajawahi kuitwa mtu wa chini tangu azaliwe na haanzi leo. Shangwe akafuta jasho, ingawa kwa baridi ile halikuwepo. Akabadilisha. "Harusi ya mwalimu, ngazi ile pale. Harusi ya daktari wa meno, bakini." Hapo watu wakaanza kujisogeza, wakipeana mikono na wale waliokwisha kuwazoea. Bwana mmoja alibaki ameduwaa katikati. Alisema amealikwa na mfanyakazi mwenzake, harusi ya nani hakuuliza. Shangwe akamuuliza anaonaje. Bwana akatazama meza ya chakula, akasema anadhani yeye ni wa daktari wa meno.

Waliobaki walikuwa wametulia sasa, wamecheka, baridi imewasogeza karibu. Shangwe akaona hakuna tena cha kuficha.

"Ndugu zangu, niseme kweli. Siwajui. Majina yenu, vyeo vyenu, nani aanze na nani amalizie, vyote nimeviweka kwenye mashine ya watu nisiowajua, na leo imelala. Kwa hiyo atakayesimama aseme mwenyewe yeye ni nani na anamhusu nani. Mimi nitasikiliza kama mgeni."

Akasimama mwanamke mfupi, mnene, meza ya pembeni kabisa, karibu na mlango wa jikoni. "Mimi ni shangazi wa bwana harusi," alisema. "Kwenye ratiba yenu simo. Niliondolewa kwa sababu ya ugomvi wa kochi. Kwa kuwa ratiba haipo, niko."

Baba wa bwana harusi, yule mwembamba, aliitazama ncha ya mkongojo wake. Wanakamati wakatazamana, lakini walikosa karatasi ya kuonyesha wala kitufe cha kubonyeza. Shangazi akaja mbele, akasimama mbele ya bwana harusi, akamwona ameinamisha kichwa. Kidude kilikuwa kimerudi sikioni.

"Unaongea na nani, mwanangu?"

"Na bosi, shangazi. Samahani."

Shangazi akakichomoa, akakitia sikioni mwake, akashika kiuno. "Wewe nani? Bosi? Bosi wa nini siku mtoto anaoa? Mashine? Mashine ni zako?" Akasikiliza. "Si zako. Ni zake? Si zake. Sasa kama si zako na si zake, atazitengenezaje?" Akasikiliza tena, kisha akakitoa, akakitazama. "Amekata."

Bwana harusi aliyekuwa akisema maneno hayo hayo tangu asubuhi, kwa lugha ya kitaalamu, akafunika uso kwa mikono miwili akacheka.

"Sasa nisikilizeni," alisema shangazi. "Huyu alipoanza darasa la kwanza mimi ndiye niliyempeleka shule, kwa sababu alimwogopa mbwa wa jirani. Kila asubuhi nilimshika mkono, nami nikatembea upande wa mbwa. Mbwa huyo aliwahi kuniuma, kovu ninalo, silionyeshi kwa sababu hapa pana wakwe. Bibi harusi, simama mama." Bibi harusi akasimama, mrefu, na koti la mhudumu mabegani. Shangazi akauchukua mkono wa bwana harusi, akauweka katika wa bibi harusi. "Kuanzia leo upande wa mbwa ni wako. Na yeye akuangalizie upande wa pili."

Daktari wa meno, ambaye hakuwa amelia wakati wa viapo, alilia hapo, na taa zikamwonyesha na kumficha, zikamwonyesha na kumficha.

Baba wa bwana harusi akainuka kwa mkongojo wake, taratibu. Alimtazama dada yake. Ilionekana alikuwa na maneno mengi, ameyapanga kwenye hotuba yake, nayo yote ameyaacha kwenye kiti. "Kochi likae kwako," alisema.

"Liko kwangu tayari," shangazi akajibu.

"Basi likae. Na mimi nitakuja kulikalia."

Walikuwa ndiyo kwanza wameshikana mikono, ndugu wawili ambao mtaa mzima ulijua hawasalimiani, na wageni wamesimama kwa heshima, pale mwenye nyumba wa mbali alipoamua kurudi na ufunguo. Taa zote zikawaka nyeupe pee. Kiyoyozi kikakata pumzi. Vipaza sauti vikanguruma, na wimbo wa kuwaingiza maharusi ukalipuka kwa nguvu kiasi kwamba baba aliachia mkongojo, shangazi akaruka, na fundi wa muziki akaibusu mashine yake. Mfukoni mwa Shangwe simu ikatetemeka mfululizo. Akaitoa. Kabati limefunguka, Sanduku limefunguka, Mkoba umefunguka, na kila kimoja kinamwambia kwa furaha kwamba tatizo limekwisha, asante kwa uvumilivu wako. Ratiba yote ilikuwepo, neno kwa neno. Aliisoma mstari mmoja, akaona muda ule walitakiwa kuwa kwenye hotuba ya katibu wa kamati. Akairudisha simu mfukoni, akawaambia shangazi na kaka yake waendelee.

Jioni alipomsimulia mkewe, alitegemea acheke. Alicheka, hasa kwa Bi Seva, akalazimika kuweka sahani chini. Kisha akavuta kiti, akaketi.

"Sisi wodini ilikuwa hivyo hivyo," alisema. "Mafaili ya watoto yote hayafunguki. Tuliandika dawa juu ya maboksi ya glavu. Kuna mtoto mmoja nilijua ana dawa inayomdhuru, ila sikumbuki ipi. Nikampigia mama yake simu, hapokei. Nikakaa na sindano mkononi, Baba Pacha, mpaka alipopokea."

Shangwe akaichukua ile sahani, akaiosha mwenyewe.

Jumatatu alienda kununua kidisko cha kuhifadhia, akanakili kila kitu, akakiweka kwenye droo ya soksi. Lakini moyo haukutulia. Bintiye akamtajia programu ya nne, mpya, nzuri, inayosifiwa na kila mtu. Safari hii Shangwe hakuipakua kwanza. Alipiga simu huduma kwa wateja.

"Habari yako, mwanangu. Nataka kujiunga na nyinyi. Ila nina swali. Nyumba yenu mmejenga au mmepanga?"

Binti wa upande wa pili akashangaa. "Ofisi yetu, baba?"

"Siyo ofisi. Pale mnapoweka vitu vya watu. Ni penu, au mmepanga kwa mtu?"

"Subiri niulize, baba." Ukapigwa muziki wa kusubirisha, mrefu, wenye zumari. Binti akarudi akiwa anaongea kwa sauti ya chini, kama anayevujisha siri ya familia. "Tumepanga."

"Kwa nani?"

Akamtajia. Ilikuwa kampuni ile ile.

"Na nyinyi wenyewe hamwogopi?"

"Baba," binti akasema, "mimi nimeanza kazi wiki iliyopita. Sikujua hata kama tumepanga."

Shangwe akamshukuru, akamtakia kazi njema. Alhamisi akafanya jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu Kabati liingie maishani mwake. Alivaa suti na viatu vya kutembelea, akaenda mpaka nyumbani kwa familia ya harusi inayofuata, akabisha hodi bila miadi. Walimweka sebuleni katikati ya masanduku ya sare na watoto wanaolia. Akataka kuonyeshwa watu wote, mmoja mmoja, uso na jina: huyu ni nani, yule wamekosana na nani, nani akisimama haketi. Alikaa mpaka jua likapungua dirishani, anarudia majina kwa sauti, anakosea, wanamsahihisha, wanacheka.

Bibi mmoja mzee, aliyekuwa amekaa kwenye kona akimtazama muda wote huo, mwishowe akamvuta mjukuu wake sikio.

"Huyu bwana mwenye suti," aliuliza, kwa sauti iliyosikika sebule nzima, "ameuliza habari zetu zote tangu alipoingia. Amekuja kumposa nani?"